Betri ya baiskeli yangu haitengenezwi tena

Mbukwenyi ndugu zangu.

Agosti 2024, siku ya Jumanne asubuhi, baiskeli yangu ya umeme ilinizimikia nikiwa nimeshaipita stendi ya Nanenane naelekea kazini Ihumwa, na upepo wa Dodoma wa miezi hiyo mnaujua, unatoka mashariki unakupiga usoni na vumbi lake, alafu kioo cha baiskeli bado kinaonyesha chaji vibao viwili. Haikupungua nguvu taratibu. Ilikata ghafla kama mtu kachomoa waya, nikawasha ikawaka, nikaenda labda mita mia mbili ikakata tena, nikawasha ikakata, mwisho nikashuka nikaanza kuisukuma na madaftari ya kidato cha tatu yamefungwa nyuma, na ile baiskeli ni kilo ishirini na kitu, kuisukuma kwenye upepo ni kazi. Nilifika kipindi changu cha kwanza kimeshaisha.

Nayaandika haya kwasababu kila wiki kuna mtu ananisimamisha, iwe soko la Majengo, iwe kanisani, hata ofisi ya walimu, "madam hiyo inakwenda kilomita ngapi?" Namjibu, ila hilo swali hata mimi ndo niliuliza wakati nanunua na halikunisaidia kitu. Ningetamani siku ile mtu angenishika mkono akaniuliza, mwalimu, betri ya hii kitu utainunua wapi baada ya miaka mitano?

Niliinunua Kariakoo mwaka 2019, milioni moja na laki sita, hela ya mkopo wa chama chetu cha akiba. Betri yake inaingia ndani ya chuma cha fremu, huioni kabisa, inafungwa na ufunguo, na kilichonivutia ni hicho hicho, ilikuwa nzuri kwa macho, haina boksi linaloning'inia. Na kiukweli ilinitendea haki. Kutoka Ipagala mpaka Ihumwa na kurudi kila siku ya shule, mwaka wa kwanza nilikuwa naenda na kurudi siku mbili ndo nachaji. Mwaka wa nne ikawa lazima nichaji kila jioni. Mwaka wa tano nikawa nabeba chaja kwenye mkoba nachaji ofisini mchana ili nirudi nyumbani. Nilijua betri inazeeka, hilo mimi ni mwalimu wa fizikia nalifundisha, nikawa nasema moyoni ikifa kabisa ntanunua nyingine kama ninavyonunua tairi.

Basi baada ya ile Jumanne nikapiga simu dukani. Kijana akanijibu vizuri tu kwa heshima, "mama hiyo modeli haiji tena siku hizi, ila tuna modeli mpya nzuri zaidi." Nkamwambia baiskeli yangu haina shida, nataka betri. Akasema betri ya modeli mpya haiwezi kuingia, ni ndefu kuliko ya kwangu na plagi yake ina pini tofauti. Nikawaandikia watengenezaji wenyewe huko China, barua pepe ikakaa siku tisa, wakajibu mistari miwili: modeli hiyo tuliacha kuitengeneza 2021, betri zake zimeisha, pole.

Nilikaa na ile simu mkononi nikaitazama baiskeli imeegemea ukuta. Mota nzima. Fremu nzima. Cheni nilibadilisha mara mbili, tairi mara tatu, breki sijui mara ngapi, vyote kwa fundi wa kawaida kabisa wa baiskeli hapa mjini, anachukua kwenye kopo lake anafunga. Yaani kila kitu kinachozunguka kinapatikana, ila kwa ajili ya kitu kimoja kilichofichwa ndani ya bomba baiskeli nzima inataka kuwa chuma chakavu.

Babu yangu kule Kongwa alikuwa na baiskeli ya Phoenix. Alifariki akaiacha, baba akaitumia, sasa hivi iko kwa binamu yangu anabebea magunia, na nadhani hamna kipande cha asili kilichobaki zaidi ya fremu na usukani. Hiyo baiskeli haijawahi kufa kwa kukosa kifaa kwasababu spoku ni spoku, gololi ni gololi, unakwenda Kibaigwa unapata. Hakuna aliyemuuliza babu baiskeli yake ni ya mwaka gani ndo amuuzie cheni. Ndo nikaanza kujiuliza kwanini betri haiko hivo, na nimesoma sana, na nimeongea na mafundi, na ntaeleza nilichoelewa.

Kitu cha kwanza ambacho nilikuwa sijakifikiria, betri inazeeka hata ikikaa dukani. Cheni ukiipaka grisi ukaiweka stoo miaka kumi utaitoa ni cheni. Betri ya lithiamu hapana, ndani yake kuna kemia inayoendelea kujila taratibu hata kama haijawahi kuona barabara, na joto linaiongezea kasi, na ikikaa imejaa kabisa inazeeka haraka kuliko ikikaa nusu. Ikikaa tupu nayo ni hatari, ikishuka chini sana shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka na hapo kuichaji tena ni kutafuta moto. Kwaiyo kiwanda hakiwezi kutengeneza betri elfu kumi za akiba kikazifungia kwenye ghala zisubiri wateja wa 2030, kila baada ya miezi kadhaa itabidi mtu azipitie azipime azirudishie chaji, na mwisho atauza kitu kilichochoka kwa bei ya kitu kipya. Na hii ndo sababu ushauri ambao watu wengi wananipa, "ungenunua betri mbili siku ileile", siukubali. Ningekuwa na betri mbili zilizozeeka.

Cha pili ni kwamba "betri ya baiskeli" siyo kitu kimoja. Ndani ni seli ndogo ndogo nyingi, vile vipipa vinavyofanana na betri za tochi ila vikubwa kidogo, na hizo seli ni kitu cha kawaida dunia nzima. Inayotumika sana inaitwa 18650, maana yake upana milimita 18 urefu milimita 65, ndo hiyohiyo ilikuwa kwenye laptop za zamani, iko kwenye powabenki, iko kwenye taa za sola. Siku hizi kuna nene zaidi, 21700, milimita 21 kwa 70. Hizi seli hazijali uko Dodoma au Uholanzi wala baiskeli yako ni ya kampuni gani. Kinachobadilika ni boksi, plagi, na ile bodi ndogo ya ndani mafundi wanaiita BMS, ambayo ndo mlinzi, inapima kila kundi la seli na kukata umeme likitokea tatizo. Na hapo kwenye boksi na plagi na BMS ndo kila kampuni inachora ya kwake, na kila baada ya miaka miwili mitatu inachora upya.

Alafu kuna zile baiskeli ambazo betri na mota zinaongea. Hizi ndo zinanisikitisha zaidi. Mifumo ya kampuni ya Bosch kwa mfano, ambayo Ulaya iko kwenye baiskeli nyingi sana, betri na mota zinatambuana, ukiweka betri ya mtu mwingine hata kama volti ni zilezile mota haiwashi. Na zipo betri ambazo ukitenganisha seli na bodi, ile bodi ikikosa umeme inajifunga yenyewe, fundi akimaliza kazi yake safi kabisa anakuta betri imekataa. Wanasema ni usalama. Usalama naukubali, betri mbovu inaunguza nyumba, lakini usalama huohuo ungeweza kuandikwa kwa njia ambayo fundi mwenye ujuzi anaweza kuifungua, na wakiacha kutengeneza hiyo betri wewe uliyenunua umebaki na nini?

Yaliyotokea Uholanzi mwaka 2023 yanatosha kuwa mfano. Kampuni ya VanMoof, baiskeli zao zilikuwa zinasifiwa kila mahali, vifaa vingi wamechora wenyewe na baiskeli unaifungua kwa programu ya simu, mwezi wa saba mahakama ikatangaza imefilisika. Watu wakawa wanahangaika kuhamisha funguo zao za kidijitali kabla seva hazijazimwa. Mwezi uliofuata ikapata mnunuzi, nashukuru kwa ajili yao, lakini hiyo ni Ulaya, wateja wengi na sheria zipo. Sisi wenye baiskeli za Kariakoo nani atatununua?

Hata kampuni kubwa huwa zinaondoka. Sony ndo walikuwa wa kwanza duniani kuuza betri ya lithiamu ioni, mwaka 1991. Mwaka 2017 wakaiuza biashara yao yote ya betri kwa kampuni ya Murata. Seli zinaendelea kutengenezwa, jina limebadilika, na aliyekuwa anatumia seli hizo hakupata shida kwasababu kipimo ni kilekile cha milimita 18 kwa 65. Hapo ndo nilipata akili kwamba nisitafute betri, nitafute seli.

Lakini kabla ya hapo nilijaribu njia ya mkato. Nina shemeji yangu anakwenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kuchukua mzigo, nikampigia, shem, nikipata betri inayofanana na yangu huko utaniletea? Akanijibu bila hata kufikiri, "Shem, hiyo siwezi kupanda nayo ndege." Na kweli. Abiria anaruhusiwa betri ya mpaka wati-saa 100, hicho ni kipimo cha umeme wote unaoingia kwenye betri, kati ya 100 na 160 aombe ruhusa ya shirika la ndege, zaidi ya hapo hapana. Ya kwangu volti 48 mara ampea-saa 10.4 ni kama wati-saa 500. Kuituma kama mzigo pia, tangu Aprili 2016 betri za lithiamu peke yake haziruhusiwi kwenye mizigo ya ndege za abiria, zinapanda ndege za mizigo tu na zisiwe zimechajiwa zaidi ya asilimia 30. Inabaki meli, na meli inataka uwe na makaratasi ya vitu hatari au upitie kwa wakala anayejaza kontena. Kwa betri moja ya mwalimu mmoja hakuna wakala atakayehangaika. Kwaiyo hata betri ambayo ipo, inatengenezwa, unaiona kwenye picha na bei yake, kwa mtu wa Dodoma inaweza kuwa haipo.

Tanzania hii ina grafaiti kule Mahenge na nikeli kule Kabanga, vitu ambavyo vinaingia kwenye hizi seli, na mimi nasubiri kipipa cha gramu arobaini na tano kivuke bahari. Wanafunzi wangu huwa wananiuliza hilo swali na huwa sina jibu la kuwaridhisha.

Nikampata fundi. Kijana mmoja maeneo ya Sabasaba, kazi yake ni laptop na inveta za sola, nikamwekea betri mezani. Aliigeuza geuza, akaiskiliza, akaniambia, "Madam, hii betri haijafa. Kuna seli zimechoka tu, tukifungua tutazijua." Nkamuuliza ushawahi kufungua ya baiskeli? Akasema ukweli, hapana, nimefungua za laptop na za drili. Nilimpenda kwa jibu hilo, nikamwambia tutafungua wote wawili, na daftari langu ntakuja nalo.

Ndani kulikuwa na seli 52. Zimepangwa makundi 13, kila kundi seli nne zilizoungwa ubavu kwa ubavu, na makundi yenyewe yameungwa kwa mstari. Ukijua hivyo umeielewa betri yote: kila seli ikijaa ni volti 4.2, mara 13 ni 54.6, na ndo namba iliyoandikwa kwenye chaja yangu. Kila seli ilikuwa ya miliampea-saa 2600, mara nne ni hizo ampea-saa 10.4. Basi tukapima kundi moja moja. Kumi na mawili yalisoma karibu 3.7 yote. La tisa likasoma 2.58. Fundi akaniangalia nikamwangalia. Kioo cha baiskeli chenyewe kinasoma jumla ya volti tu, na jumla ilikuwa karibu 47, kwaiyo kinaonyesha vibao viwili kwa amani kabisa, kumbe BMS inaona kundi la tisa liko hoi, ukikanyaga kwenye upepo linashuka chini ya mpaka, BMS inakata. Ile Jumanne ilikuwa inanilinda.

Kama betri yako inakata ghafla na kioo kinaonyesha chaji ipo, usikimbilie kusema imekufa, tafuta mtu mwenye mita akupimie makundi.

Fundi alikuwa na seli za laptop za zamani kwenye kopo, akapendekeza tuchukue nne nzuri tubadilishe lile kundi moja, elfu thelathini nimeshaondoka. Nilikataa, na nisingependa mtu afanye hivyo. Yale makundi mengine 12 nayo yana miaka mitano, ukiweka kundi lenye tabia tofauti katikati yao halitajaa pamoja nao wala kuisha pamoja nao, na seli ambayo hujui ilikopita hujui itakuja kufanya nini usiku umelala. New York baada ya moto mwingi wa betri za baiskeli, mwaka 2023 walipiga marufuku kabisa kuuza betri zilizoungwa kwa seli zilizotolewa kwenye betri chakavu. Wao wamezika watu ndo wakafika hapo. Tubadilishe zote 52 au tuache.

Kutafuta seli 52 za kweli ilikuwa safari nyingine. Nilioda za kwanza kwa muuzaji mmoja Dar, bei nzuri, zimeandikwa 9900 miliampea-saa kila moja. Hapo nilikuwa na haraka na sikufikiri. Zikaja kwa basi, nikazipeleka maabara ya shule nikaweka moja kwenye mizani: gramu 29. Seli ya kweli ya 18650 ni kama gramu 45 mpaka 50, na hamna kiwanda duniani kinachotengeneza ya 9900, hata zilizo bora kabisa hazifiki nusu ya hapo. Fundi alipasua moja, pipa kubwa ndani kuna kitu kidogo na nafasi tupu. Nilimrudishia muuzaji, hela nikarudishiwa nusu. Nawaomba sana, kabla ya kulipa omba apime uzito akutumie picha, mizani ya dukani inatosha.

Za pili zilikuwa za kweli, 3000 miliampea-saa, nikachukua 56 ili nne ziwe za akiba ya kuchagua, shilingi 7,500 kila moja, laki nne na ishirini. Fundi alikuwa anataka kuziunga kwa risasi, nikamsihi tusifanye hivyo kwasababu joto la ile pasi linaingia ndani ya seli linaiumiza, zinatakiwa zichomelewe kwa ile mashine inayopiga cheche mara moja kwenye kibati cha nikeli. Hakuwa nayo. Tukachanga, mimi nusu yeye nusu, ikaja baada ya wiki sita, na nafurahi kwasababu sasa hivi anaitumia kwa kazi za watu wengine, mtu wa drili, mtu wa spika, na mzee mmoja wa Kizota mwenye kiti cha magurudumu cha umeme ambaye alishakaa ndani miezi mingi. Vibati elfu ishirini na tano, ufundi elfu tisini. Jumla laki tano na thelathini na tano. BMS tuliirudisha ileile ya mwanzo, nzima, na bahati nzuri ya kwangu siyo zile za kujifunga. Waya zake nyembamba za kupimia kila kundi tulizipiga picha kabla ya kukata hata mmoja na tukazirudisha kwa mpangilio uleule, ukikosea mmoja unaunguza bodi, na hiyo bodi ndo kitu ambacho kweli hakipatikani.

Na sasa angalieni: 3000 mara nne ni ampea-saa 12. Betri ambayo kiwanda kilisema imeisha duniani sasa hivi ni kubwa kuliko ilivyotoka dukani.

Kuna jirani yangu yeye hakupita huko kote. Baiskeli yake ni ya boksi la nyuma kwenye keria, baya kwa macho, tulikuwa tunamtania, plagi yake ni ile ya njano inayoitwa XT60 ambayo hata watoto wa ndege za kuchezea wanaijua. Betri yake ilipokufa alikwenda kwenye duka la sola akanunua seli za aina ya lithiamu chuma fosfeti, zile za sola, akaungiwa 15 kwa mstari. Seli hizo zikijaa ni 3.65, mara 15 ni 54.75, karibu sawa kabisa na 54.6, kontrola yake, yaani bodi inayoigawia mota umeme, haikushtuka. Ni nzito zaidi, na kioo chake sasa kinadanganya chaji kwasababu volti za aina hiyo zinakaa palepale mpaka karibu na mwisho. Lakini zinadumu, mizunguko ya kuchaji elfu mbili na kuendelea, na zina utulivu zaidi kwenye moto. Ilimchukua wiki moja. Mimi miezi minne.

Kwaiyo mkiniuliza leo ninunue ipi, ntaangalia boksi kabla ya kilomita. Betri iwe nje, kwenye keria au juu ya bomba. Kuna boksi moja la China linaitwa Hailong, linafungwa juu ya fremu kwa reli, viwanda vingi vinalitumia na linauzwa hata tupu bila seli, hilo ni zuri. Waya mbili za umeme, nyekundu na nyeusi, zikiwa hizo tu furahi. Kama kuna pini tano uliza hizo tatu zinafanya nini na kama muuzaji hajui rudi nyumbani. Volti 36 au 48, za kawaida. Na mwambie akufungulie betri uione, akikuambia imegundishwa na gundi haifunguki, mimi nisingenunua.

Wenye bodaboda za umeme za kubadilisha betri kwenye vituo, kama kampuni ya Gogoro walivyofanya Taiwan, kwenu ni tofauti kidogo, betri siyo yenu, ikizeeka ni mzigo wa kampuni. Ni mpango mzuri maadam kampuni iko hai.

Ulaya wameona hili tatizo. Kanuni yao ya betri, namba 2023/1542, inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vidogo kama hizi baiskeli lazima fundi huru aweze kuzitoa na kuzibadilisha, na siyo boksi tu, hata seli moja moja za ndani. Betri ya akiba ipatikane angalau miaka mitano baada ya baiskeli ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, kwa bei ya haki, na ni marufuku kutumia programu kuzuia betri nyingine. Nikapiga hesabu ya kwangu, modeli iliachwa 2021, ningekuwa na haki ya betri mpaka 2026. Mimi nilikwama 2024. Miaka mitano bado naiona michache kwa chombo cha mwalimu anayelipa mkopo, ila ingenitosha. Viwanda ni vilevile vinavyotuletea sisi, wakishalazimika kuchora betri inayofunguka kwa ajili ya Mjerumani sioni kwanini inayokuja Dar ichorwe vingine, isipokuwa kama sisi hatutauliza. Ningependa sana TBS, shirika letu la viwango, waulize. Kabla kontena halijatoka bandarini, muuzaji aonyeshe betri za akiba atazitoa wapi na kwa miaka mingapi.

Upande wangu mimi, baiskeli nimeihamisha kutoka chini ya bati la jikoni, mchana pale palikuwa panachemka na naamini pameipunguzia betri ya kwanza umri. Sasa inalala sebuleni. Nachaji nikiwa macho, siachi usiku kucha, na likizo ndefu naiacha nusu. Zile seli za zamani zimo kwenye ndoo ya mchanga nje, ncha zote nimezibandika tepu, natafuta mtu wa kuzipokea ambaye hatazirudisha sokoni na karatasi mpya.

Kabla hatujafunga boksi fundi aliomba kalamu yangu ya kuandikia kwenye mabango ya darasa. Ndani ya mfuniko akaandika 13 x 4, seli aina gani, tarehe, volti za kila kundi siku hiyo, na mshale kuonyesha upande wa hasi ulipo. Nikamuuliza ni za nani hizo. Akasema, "Za fundi atakayefungua 2030, madam. Asije akahangaika kama sisi."